Kura Zilizowekwa Kando: Hesabu ya Beni na Somo la Florida

Askari wa FARDC, jeshi la Kongo, anayelinda kituo cha kura Lubumbashi hapigi kura yeye mwenyewe. Sheria ya uchaguzi ya 2006 inawazuia wanajeshi na polisi. Kwa hiyo kwetu hakuna ugomvi wa kura za askari walio mbali, kama ule wa Florida. Lakini kiini chake tunakijua: kura zikiwekwa kando na ushindi ukiwa mwembamba, kanuni ni ipi?

Florida, Marekani, uchaguzi wa rais wa 2000. Kanuni za jimbo zilitaka kura za ng'ambo zithibitishwe tarehe, na muhuri wa posta ndio uliotazamwa. Barua za wanajeshi husafiri bila stempu, na nyingi zilifika bila muhuri. Wilaya moja ikazikataa, nyingine ikazipokea. Mwaka 2001 gazeti la New York Times lilionyesha kuwa kati ya kura 2,490 za ng'ambo zilizohesabiwa, 680 zilikuwa na kasoro. George W. Bush alishinda jimbo hilo kwa kura 537.

Sasa Kongo. Tarehe 26 Desemba 2018, siku 4 kabla ya uchaguzi wa rais, CENI, tume ya uchaguzi, iliahirisha kura za Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo ilitaja Ebola na mashambulizi. Wapiga kura zaidi ya milioni 1.2 wakabaki nje, huku rais mpya akiapishwa Januari.

Tupige hesabu. Kwa matokeo ya CENI, Félix Tshisekedi, aliyetangazwa mshindi, alipata kura 7,051,013, na mpinzani wake Martin Fayulu 6,366,732. Tofauti ni 684,281. Nchi nzima walijitokeza asilimia 47.56; kwa kiwango hicho, maeneo yale yangetoa kura zisizofika 600,000, chini ya tofauti. Wangejitokeza asilimia 60 na karibu wote kumchagua Fayulu, mshindi angebadilika. Hakuna awezaye kulifunga swali hilo, kwa sababu watu wenyewe hawakuulizwa. Wakazi wa Beni walipiga kura yao ya ishara tarehe 30 Desemba, lakini haikuhesabiwa popote.

Kasoro ya Florida ilikuwa kanuni moja kutumiwa kwa namna nyingi. Ya kwetu ilikuwa uamuzi wa dakika za mwisho, na matokeo ya kila kituo hayakuchapishwa ili raia wayakague. Bunge liandike sheriani: kama wapiga kura waliozuiwa wanazidi tofauti ya kura, mshindi asitangazwe kabla nao hawajapiga kura.