Sitiari ya Upofu: Nani Hasa Haoni?

Imekuwa desturi katika semina zetu: mhusika kipofu akitajwa tu, mikono inanyooshwa na jibu liko tayari, eti upofu ni ishara ya ujinga. Msemaji anapata alama zake, tunahamia swali linalofuata. Makala haya mafupi yanapinga desturi hiyo. Hoja yangu ni kwamba katika hadithi fupi zinazohusu upofu, tamathali za usemi hufanya kazi kubwa kuliko kupamba: ndizo zinazoamua nani ahesabiwe kuwa na akili na nani asiwe nayo. Mhakiki anayezipokea bila kuzihoji anakuwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusoma. Nitatumia hadithi mbili: "The Country of the Blind" ya Mwingereza H.G. Wells (1904) na "Cathedral" ya Mmarekani Raymond Carver (1981).

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kimelitwika neno "kuona" kazi nyingi zisizo za macho. Tunaona baridi, tunaona njaa, tunaona haya, tunaona uchungu, na kipofu naye anayaona yote hayo. Lakini lugha hiyo hiyo humwita asiyesoma kuwa yuko gizani, na aliyeerevuka kuwa amefumbuka macho. Tumeyazoea maneno haya hata hatuhisi tena kuwa ni sitiari. Na sitiari iliyochakaa ndiyo ya kuogopwa, maana inapita kama ukweli mtupu wakati ni maoni ya watu tu.

Wells anaanzia hapo hapo. Mhusika wake, Nunez, ni mpanda milima anayeporomoka hadi kwenye bonde lililojificha katika milima ya Andes, nchini Ecuador, ambako watu wamekuwa vipofu kwa vizazi 14. Kichwani mwake inazunguka methali ya Kizungu isemayo kwamba katika nchi ya vipofu mwenye chongo ni mfalme. Basi anajiona mfalme tayari. Kumbe wapi! Nyumba za bonde hilo hazina madirisha, njia zake zina kingo na alama za kupapasa, watu wanafanya kazi usiku wa baridi na kulala mchana wa joto. Anayejikwaa ni yeye mwenye macho. Akisimulia habari za mbingu na nyota, wenyeji wanamchukulia kama mtu ambaye akili yake haijakomaa. Hata neno la "kuona" hawana tena. Tamathali zake zote zimekosa msikilizaji.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ya pekee, kwani sisi tuna methali inayokwenda kinyume na ile: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kwetu huo ni ushauri wa kuishi ugenini, na hakuna anayeusikia akatafuta kisu. Sidai kwamba Wells aliijua. Hata hivyo hadithi yake inaitimiza kabisa. Nunez anapotaka kumwoa Medina-saroté, tabibu wa bonde anagundua kwamba kinachomsumbua kichwani ni yale macho, kwa hiyo yatolewe. Papo hapo msemo unageuka kuwa kisu. Nunez anakubali, kisha siku ya mwisho anapanda milima na kuondoka.

Wapo watakaosema vipofu hawa ni jamii inayokataa fikra mpya. Sawa, lakini hiyo ni nusu ya hadithi. Nunez naye anashika sepeto ili atawale kwa mabavu. Kila upande unadhani mipaka ya hisi zake ndiyo mipaka ya dunia. Wells mwenyewe aliirudia hadithi hii mwaka 1939, na katika toleo hilo Medina-saroté anatoroka pamoja na Nunez, wanaishi kwenye ulimwengu wa wenye macho, na bado yeye hataki kuona. Ukishika jibu la semina, mwanamke huyu utamweka wapi?

Carver anapita njia nyingine. Msimulizi wake, ambaye hatajwi jina, anatembelewa na Robert, kipofu aliye rafiki wa mkewe. Picha yake ya vipofu imetoka kwenye sinema, hata anashangaa kuona kipofu mwenye ndevu. Lugha yake ni kavu, karibu haina tamathali, na ukavu huo ndio unaomhukumu. Televisheni inapoonyesha makanisa makuu, anajaribu kumweleza Robert yalivyo na maneno yanamwishia: ni makubwa, ni ya mawe, basi. Mwenye macho ameona na hana la kusema. Mwishowe wanachora pamoja juu ya mfuko wa karatasi, mkono wa kipofu ukiwa juu ya wake, naye amefumba macho. Kwa Kiswahili kulifumbia jambo macho ni kulipuuza. Katika hadithi hii msimulizi anafumba macho, na ndipo anapoanza kujali.

Pamoja na uzuri huo, nina lawama moja kwa Carver. Robert amefiwa na mkewe Beulah, lakini hadithi inapofika mwisho msiba wake umekwisha sahaulika. Amekuwa ngazi ya mwenye macho kupandia. Hata sitiari yenye heshima inaweza kummeza mtu.

Jambo hili linatuhusu, wenzangu. Wako wanafunzi wasioona wanaosoma fasihi katika vyuo vyetu, na wanasikia tunavyojibu. Kabla hatujaandika tena kwamba upofu ni ujinga, tuulize ndani ya hadithi ni nani anayeisema sitiari hiyo, na ni nani anayelipa gharama yake.