Sitara na Utupu: Lubugo na Tatizo la Uhalisia katika Uchoraji wa Michael Armitage

Suala la uhalisia limejadiliwa sana katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na kwa kawaida limejadiliwa kama suala la kinachosimuliwa: iwapo wahusika wanafanana na watu, na iwapo mazingira ya kubuni yanashabihiana na mazingira ya kweli. Nyenzo ambayo kazi imefanyiwa juu yake haikupewa uzito mkubwa. Sababu yaeleweka, maana karatasi ya riwaya hainyanyui sauti. Mchoraji hana nafuu hiyo. Uso anaoutumia una ukavu wake, ulaini wake na makovu yake, na mambo hayo humfikia mtazamaji kabla hajatambua kilichochorwa. Makala haya yanauchunguza uhusiano huo wa mguso na uhalisia katika picha za watu za Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi amechora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, yaani nguo ya gome la mti kutoka Uganda. Dai la msingi ni kwamba nguo hiyo, ambayo kwao hutumika kusitiri, ndiyo inayouzuia uhalisia wa Armitage usigeuke kuwa udaku, na kwamba pale inaposhindwa kazi hiyo picha zake hudhoofika.

Mtazamaji wa Gusii ana mahali pake pa kuanzia. Chukua Keroka, mji wa soko ulioko kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Sanaa ya maumbo ya watu inayojulikana zaidi katika nchi hiyo ni ya mawe ya sabuni yachimbwayo Tabaka, upande wa pili wa Gusii. Jiwe huchongwa likiwa bado na unyevu. Kisha huja kazi ndefu ya kusugua kwa msasa na maji, ambayo kwa kawaida hufanywa na wanawake, na mwishowe sanamu hupakwa nta ing'are. Alama ya kisu hufutwa. Ulaini ndio cheti cha kazi iliyokamilika, na hata mchongaji mwenye fikra pana kama Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege iko katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, ameujenga umaarufu wake ndani ya lugha ya uso uliosuguliwa. Sanaa nyingine iliyozoeleka katika miji ya soko ni ile ya vibao vya vinyozi na vya bucha, ambavyo vinazidi kupungua siku hizi. Kinyozi wa kibaoni daima ana wateja wazuri kuliko wa kitini. Huko nako rangi hupakwa hadi ubao usionekane kabisa. Sanaa zote mbili zina imani moja, kwamba umbo la mtu huonekana vizuri zaidi nyenzo inapojificha.

Kwa jicho lililolelewa na desturi hiyo, picha ya Armitage huonekana kama kazi iliyoachwa kabla ya kumalizika. Kuna mishono inayokatiza anga na ardhi. Kuna mabonde na vinundu ambavyo havikufuata umbo lolote lililochorwa. Kuna matundu halisi, mengine makubwa kuliko kiganja, na hayakuzibwa.

Asili ya mambo hayo ni lubugo yenyewe. Gome hubanduliwa kutoka kwa mti wa mutuba, ambao ni jamii ya mitini, na shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba ili litoe gome jingine. Gome hilo hupondwa kwa saa nyingi, kwa nyundo za mbao zenye mifuo, katika banda lililo wazi pembeni, hadi linyambuke, lipanuke na kuwa na rangi ya udongo mwekundu. Penye kifundo mtini hubaki tundu au kovu kwenye nguo. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu wa Baganda kuwa miongoni mwa urithi adhimu wa binadamu. Lakini kwa hoja ya makala haya matumizi ya nguo yana uzito kuliko tangazo. Lubugo huvaliwa katika kutawazwa na katika maombolezo, na kabla ya yote huviringishiwa maiti. Katika makaburi ya Kasubi, ambayo nyumba yake kuu iliteketea Machi 2010, pazia la lubugo ndilo lililoutenga msitu mtakatifu wa wafalme na macho ya wageni. Kwa ufupi, katika utamaduni ulioizaa, nguo hii inajulikana kwa kile inachokificha.

Armitage aliyekutana nayo hakuwa mwombolezaji. Mama yake ni Mkikuyu na baba yake Mwingereza. Alisomea uchoraji katika shule ya Slade jijini London, kisha katika shule ya Royal Academy, alikomaliza mwaka 2010. Lubugo aliiona katika soko la watalii jijini Nairobi, ikiwa imekwishageuzwa kuwa vitu vidogo vya kupeleka nyumbani Ulaya. Si ajabu kwamba katika masoko ya namna hiyo sanamu za Tabaka nazo hupangwa mezani. Nguo ya sanda na jiwe la Abagusii vimekuwa majirani katika biashara, vyote vikiwa vimesahaulishwa vilikotoka. Tofauti ni kwamba Armitage aliichukua ile nguo na kuitanda kwenye fremu kubwa, akaanza kuchora juu yake, akikwangua na kurudia tabaka juu ya tabaka, huku akiacha mishono na matundu vibaki.

Picha inayoonyesha kwa uwazi zaidi kilichotokea ni ile aliyoiita #mydressmychoice, ya mwaka 2015. Jina limetokana na kaulimbiu ya maandamano ya Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo na genge la wanaume katika kituo cha matatu jijini Nairobi kwa madai kwamba alivaa visivyo. Tukio lilirekodiwa na kusambazwa. Wengi walioshutumu kitendo hicho walikuwa wamekwisha kukitazama. Armitage amemchora mwanamke aliyelala uchi, akiwa ametupa mgongo kwa mtazamaji, na kwa juu kuna miguu ya wanaume waliosimama. Mkao wa mwanamke umeazimwa kutoka kwa Velázquez, katika picha yake mashuhuri ya Venus na kioo iliyoko National Gallery, London. Uamuzi huo una hatari kubwa. Mkao ambao Ulaya ilitumia kwa karne kadhaa kuufanya mwili wa mwanamke kuwa burudani unatumika kumchora mwanamke aliyedhalilishwa hadharani. Wanaume wako upande mmoja, mtazamaji yuko upande wa pili, duara limefungwa.

Je, hapa mwanamke havuliwi mara ya pili? Utetezi uliozoeleka, kwamba msanii anamshtaki mtazamaji kwa kumfanya atazame, hautoshi. Shtaka la namna hiyo ni rahisi kulipenda, kwa kuwa mshtakiwa hutoka ukumbini akiwa na furaha ya kujiona mwenye dhamiri. Kinachoipa picha hii uzito kiko chini ya rangi. Mwanamke aliyenyang'anywa nguo amechorwa juu ya nguo, tena nguo ambayo kazi yake ni kuufunika mwili usioweza tena kujitetea. Jicho linalotaka kuuteleza mwili wake, kama lilivyoteleza kwa Velázquez, hukwama kwenye ukwaruzo wa gome. Mguso unaingilia kati. Uhalisia wa umbo unasema, "tazama". Uso wa picha hauruhusu mtazamo huo ukamilike. Kuna kumbukumbu moja ya kihistoria inayofaa kuwekwa kando ya jambo hili. Mnamo Machi 1914 Mary Richardson, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, aliikata kata ile Venus ya Velázquez kwa shoka dogo la kukatia nyama. Mafundi waliitengeneza, na leo mgongo wa Venus ni laini tena. Matundu ya lubugo hayana historia ya namna hiyo: yalikuwepo kabla ya mchoraji, na mchoraji amekataa kuwa fundi wa kuyaponya.

Hapo ndipo Armitage anapokutana na swali ambalo wasomaji wa riwaya ya Kiswahili wanalifahamu kwa njia nyingine. Euphrase Kezilahabi, aliyeanza na uhalisia wa Rosa Mistika mwaka 1971, alifika mahali pa kuuvunja katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Aliuvunja kutoka juu: wakati, mahali na utambulisho wa wahusika vilipoteza mipaka, na wahakiki wakalazimika kutafuta istilahi mpya. Armitage hakufuata njia hiyo. Watu wake wana viungo vyao, matukio yake yana tarehe, mara nyingine ndani ya jina lenyewe la picha, kama ile ya hondohondo ya mwaka 2014 iliyobeba siku za shambulio la Westgate, tarehe 21 hadi 24 Septemba 2013. Uhalisia wake umeachwa usimame, kisha umetobolewa kutoka chini. Ule mfano uliozoeleka madarasani wa kikombe na kinywaji, na hata ule uliousahihisha wa sarafu yenye pande mbili, hausaidii sana hapa. Lubugo haikuubwa na msanii, hivyo ni vigumu kuiita fani. Wala haikuchaguliwa kuwa jambo la kusimuliwa, hivyo si maudhui. Ilikuja na maana yake, na msanii anapaswa kujadiliana nayo.

Kwamba majadiliano hayo huweza kushindwa kunaonekana katika baadhi ya picha za mfululizo wa uchaguzi wa 2017. Kabla ya uchaguzi huo Armitage aliandamana na wanahabari wa televisheni hadi kwenye mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru, Nairobi, na kutokana na aliyoyaona alichora picha kadhaa, zikiwamo The Promised Land na Mkokoteni za mwaka 2019, mwaka ambao pia alishiriki katika maonyesho ya Venice. The Fourth Estate, ya 2017, inaonyesha watu waliopanda mtini ili waone mkutano. Utunzi umetokana na mchoro wa Goya katika mfululizo wa Disparates, ambamo watu waliojifunika mashuka wameketi kwenye tawi kavu juu ya utupu. Mwazimo ni wa busara, na pengine busara ndiyo kasoro yake. Mtazamaji anayemjua Goya hupewa ufunguo mapema mno, na asiyemjua hupewa umati wenye rangi za kupendeza. Lubugo huwa na nguvu panapokuwa na mwili mmoja wa kusitiriwa. Katikati ya majani, mabango na vichwa vingi, kovu la gome huwa rangi moja zaidi tu, na mshono hudhaniwa kuwa tawi.

Mtu wa Keroka ana haki ya kudai zaidi ya hapo. Januari na Februari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba na maduka yaliteketezwa mpakani mwa Borabu na Sotik, Chepilat ikiwemo, kwenye barabara iyo hiyo inayopita Keroka. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 katika nchi nzima. Kwa aliyeyapitia hayo, umati wa siasa hauwezi kuwa mandhari. Anajua shangwe ile inaweza kuishia wapi, na angependa kujua mchoraji analijua hilo kwa kiasi gani. Katika picha ya mwanamke wa kituo cha matatu, nguo ya maiti ilijibu swali hilo bila kelele. Katika picha ya watu wa mtini, nguo imenyamaza.

Shutuma nyingine inahusu soko. Novemba 2019, picha ya Armitage iitwayo The Conservationists iliuzwa kwa mnada New York kwa takriban dola milioni 1.5. Wapo wanaoona kwamba lubugo ni hati ya Uafrika iliyogongwa nyuma ya bidhaa ili mnunuzi asiwe na shaka. Shutuma hiyo haifai kupuuzwa, lakini imekosea shabaha. Hati ya namna hiyo huhitaji kuonekana safi na kusomeka upesi. Zaidi ya hayo, katika maonyesho yake makubwa ya Munich (2020–2021) na Royal Academy, London (2021), Armitage alizitundika pamoja na zake kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki, wakiwamo Elimo Njau, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Sane Wadu na Meek Gichugu. Anayeiona rangi nzito ya Wadu kando ya lubugo hawezi tena kuamini kwamba uchoraji wa eneo hili ulisubiri gome la mutuba ili upate uso wake.

Tatizo gumu zaidi ni la namna picha hizi zinavyowafikia watu ambao habari zao zimo ndani yake. Nyingi ziko katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji, ng'ambo. Mwalimu anayetaka kuzifundisha Kisii au Keroka atatumia kitabu au skrini, na kamera humfanyia Armitage kile ambacho msasa hulifanyia jiwe la Tabaka. Ukwaruzo huondoka. Mwanamke aliyevuliwa hubaki na mkao wa Velázquez na rangi nzuri, akiwa amepoteza ile nguo iliyomkinga na jicho. Yaani picha hurudi kuwa karibu na ile video ya 2014 kuliko mchoraji alivyotaka. Mshono huwa mstari tu. Tundu la gome na kivuli kilichochorwa huwa madoa mawili ya weusi ule ule, na ni ukumbini pekee, mtazamaji akisogea hatua mbili pembeni, ndipo anapobaini kwamba moja ni rangi na la pili ni mahali ambapo hapana rangi wala nguo.