Kuujua Mwanga Kabla Haujafika

Jioni moja mwaka 1941, mpiga picha Ansel Adams alikuwa garini katika jimbo la New Mexico, Marekani, alipoona mwezi umepanda juu ya kijiji cha Hernandez huku jua la kuzama likimulika misalaba ya makaburini. Akasimama, akasimika kamera yake kubwa ya filamu za inchi 8 kwa 10, akatafuta kipima mwanga asikione. Lakini mng'ao wa mwezi alikuwa ameuhifadhi kichwani: mishumaa 250 kwa kila futi ya mraba. Akapiga hesabu kutokana na namba hiyo, akafyatua. Kabla hajawahi kupiga ya pili, mwanga ulishaondoka kwenye misalaba.

Bahati ilimfikisha pale, lakini picha aliipata kwa sababu aliijua kazi. Picha hiyo, Moonrise, Hernandez, New Mexico, ilikaa miaka mingi bila tarehe ya uhakika, maana Adams hakuiandika. Mtaalamu wa anga David Elmore alikokotoa mahali mwezi ulipokuwa, akataja 31 Oktoba 1941. Mwaka 1991 Dennis di Cicco wa jarida la Sky & Telescope alirudia hesabu, akapata 1 Novemba, saa 10:49 jioni.

Hesabu za aina hiyo leo zimo kwenye simu, nazo hutupeleka mbele. PhotoPills na The Photographer's Ephemeris huchora juu ya ramani mistari ya mawio na machweo, ya jua na ya mwezi, kwa siku yoyote utakayochagua. Stellarium, ambayo kwenye kompyuta hailipiwi, huonyesha nyota zitakavyokaa. Google Earth hukusimamisha bondeni, ukaona ni kilima gani kitakachokuzibia jua.

Chukua Kilimanjaro. Mwezi Juni jua huchomoza kaskazini-mashariki na mchana kutwa huelemea kaskazini, basi uso wa mlima unaotazama Amboseli, nchini Kenya, ndio unaopata mwanga. Desemba jua limeshahamia kusini, na zamu ni ya Moshi. Kisha kuna mawingu, ambayo mara nyingi hukusanyika jua likishapanda, kwa hiyo kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, hutafutwa alfajiri. Hapa masomo mengi ya upigaji picha yaliyo mtandaoni yanahitaji kurekebishwa. Yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako jua hupanda kwa mshazari na mwanga wa dhahabu hukawia. Kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda karibu wima: kutoka upeo wa macho hadi nyuzi 6 juu yake hutumia chini ya nusu saa. Anayeanza kutafuta pa kusimama wakati huo ameshachelewa.

Ufukweni, jedwali la maji kujaa na kupwa lina thamani ileile. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali na kufunua miamba ambayo siku za maji mafu huioni.

Napenda sana kuwatazama mafundi wa kazi hii kungali giza. Stendi imeshakandamizwa ardhini. ISO iko 100, tundu la lenzi f/11, ili nyasi za mbele na theluji ya mbali vyote vitoke wazi. Shata imecheleweshwa sekunde 2, kidole kisije kikaitikisa kamera. Baada ya kila picha hutazama histogramu, mchoro wa mgawanyo wa mwanga katika picha, kwa kuwa kioo kikiangaliwa gizani huifanya picha ionekane angavu kuliko ilivyo. Huchunga hasa upande wa kulia wa mchoro ule, theluji isije ikaungua ikawa nyeupe tupu, kwani hapo hakuna programu itakayoirudisha. Anga ikiizidi ardhi mno kwa mwanga, hupiga picha kadhaa za mwanga tofauti wakaziunganisha nyumbani. Hawaongei sana. Macho yao yako kwenye ukingo wa mlima, mahali wanapojua jua litagusa kwanza.

Msomaji, kama una simu na kilima kinachoonekana kutoka kwako, anza na hicho. Tafuta leo jua litazama upande gani wa kilima hicho mwezi Desemba, kisha mwezi huo ukifika uwe umeshasimama mahali pako.