Ukumbi Kwanza, Studio Baadaye

Mwisho wa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijagusa Milima ya Uluguru, ndipo Morogoro huwa na fedha na nafasi ya kustarehe kwa pamoja. Mazao yameshauzwa, barabara za Kilosa na Matombo hazina tope, na wanaoandaa burudani wanajua kwamba Agosti na Septemba kiingilio hulipika. Hivyo ndivyo ilivyo leo na ndivyo ilivyokuwa zamani za dansi. Anayetaka kujua jinsi mji huu wa wastani ulivyozaa bendi mbili zilizosikika Afrika Mashariki nzima, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, asianze na wasifu wa waimbaji. Aanze na wiki ya kazi ya bendi katika msimu kama huu, mwishoni mwa miaka ya 1960. Hoja yangu ni kwamba uimara wa nyimbo zile ulitokana kwanza na mpangilio wa kazi: wimbo ulipimwa ukumbini mara nyingi ndipo ukafikishwa mbele ya maikrofoni, na kila ugumu wa zama zile uliilazimisha bendi kufuata mpangilio huo.

Ratiba ya bendi za dansi ilijulikana. Siku za katikati ya wiki ni za mazoezi, usiku wa mwisho wa wiki ni wa dansi, na Jumapili mchana ni bugi kwa vijana na familia. Vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya klabu au ya tajiri, kwa hiyo mpiga solo hakuweza kujifungia chumbani kwake na gitaa la umeme akatunga peke yake mpaka mwisho. Alileta sauti na maneno mazoezini, na hapo ndipo rizimu, besi, tumba na saksafoni zilipotafutiwa nafasi. Kisha wimbo ulipelekwa ukumbini ukiwa bado mbichi. Hukumu ilitolewa palepale: wachezaji wakirudi vitini katika kipande fulani, Jumanne inayofuata kipande hicho kinakatwa au kinabadilishwa. Na kwa kuwa mji ulikuwa na bendi mbili zinazoshindana, mpenzi aliyechoshwa hapa alijua pa kwenda. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, lakini Cuban Marimba haikufa. Juma Kilaza aliiongoza, na Morogoro Jazz haikupata nafasi ya kulala.

Studio yenyewe ilidai kazi iliyokamilika. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka huohuo wa 1965, ndiyo iliyokuwa na studio ambayo bendi za mikoani zilisafiri kuifuata. Bendi ilipiga yote kwa pamoja na kanda ikazunguka. Haikuwapo njia ya kurekodi chombo kimoja leo na kingine kesho. Mpiga tumba akikosea dakika ya nne, wote wanarudi mwanzo. Maneno nayo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Sahani za santuri hazikutengenezwa nchini, zilitoka kwenye mitambo ya Nairobi, na sahani ndogo ya kasi ya 45 ilibeba dakika chache tu kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi za wakati huo zimegawanywa mara mbili: upande wa kwanza una kisa na ujumbe, upande wa pili una chemko, yaani sehemu ya kuchangamka. Sikiliza chemko la Mbaraka kwa makini. Gitaa la solo linashika kijineno kifupi, linakirudia, kisha linabadilisha mkia wake tu, huku rizimu ikibaki palepale kama haijasikia kitu. Saksafoni zinaingia kujibu, zinatoka, na solo inapanda juu zaidi kwenye nyuzi nyembamba. Sanaa yote iko katika kujua kirudiwe mara ngapi kabla ya kubadilika. Kipimo hicho hakiandikiki kwenye karatasi; naona kilipatikana kwa miguu ya watu waliokuwa mbele ya jukwaa.

Wapo watakaosema namnyima Mbaraka haki yake: kipaji ndicho kilichofanya kazi, ratiba ni mapambo. Ushahidi wao mzito ni mwaka 1973, alipoondoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Umaarufu ulimfuata, ukavuka mpaka na kuenea Kenya kwa wimbo kama “Shida”. Sikatai kwamba alikuwa na kipaji kisicho cha kawaida. Lakini tuangalie alichokifanya baada ya kuondoka: hakuwa mwimbaji wa studio anayekodi wapigaji, aliunda bendi nyingine ya kudumu, yenye mazoezi, ukumbi na safari za maonyesho, na ni katika safari hizo, huko Mombasa, ajali ya barabarani ilipomuua Januari 1979. Alihama bendi, hakuhama utaratibu.

Pingamizi la pili ni kwamba mpango wa wimbo wenye sehemu ya polepole na sehemu ya kuchangamka ulitoka Kongo, kwa akina Franco na Dk. Nico, na kabla ya hapo Kuba. Ni kweli, na hata jina la Cuban Marimba halifichi deni hilo. Lakini aliyeazima mpango bado alikuwa na kazi ya kuujaza. Msikilizaji wa Kiswahili alifuata kisa neno kwa neno: ugomvi wa ndoa, deni, msiba, rafiki mnafiki. Sehemu ya kwanza ilibidi iache sauti ya mwimbaji wazi, magitaa yakae chini, mpaka kisa kieleweke. Uwiano huo usingeletwa na sahani kutoka Kinshasa, maana lugha ya kule haikuwa ya wachezaji wa hapa.

La tatu ni fedha: mji wa njia panda, wenye reli, mashamba ya mkonge na mishahara, ungekosaje muziki? Fedha zilihitajika, lakini hazitoshi kueleza. Katika miaka ya 1970 Shirika la Mzinga, kiwanda cha Jeshi, lilianzishwa, na baadaye vikafuata viwanda vingine, kikiwamo cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kama mishahara pekee ingetosha, kilele cha muziki wa Morogoro kingekuja wakati huo. Hakikuja. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 na njia ya santuri za Nairobi ikaziba, Mbaraka akafariki, na ushindani wa bendi mbili uliowaka miaka ya 1960 ukapoa.

Leo mpangilio umegeuzwa. Wimbo unakamilika studio, chombo juu ya chombo, ndipo unapelekwa jukwaani, mara nyingi kwa kuimba juu ya kanda. Mtetezi wa njia hii atajibu kwamba simu nayo ni kipimo, na kwamba idadi ya waliousikiliza inaonekana usiku huohuo. Lakini idadi hiyo inakuja wimbo ukiwa umeshafungwa. Inasema ngapi, haisemi ni kipande gani kiliwarudisha watu vitini. Kwa hiyo wanaotaka kuirudishia Morogoro heshima yake ya muziki wasianze kwa kununua mitambo, ambayo siku hizi ni rahisi kuipata. Waanze na bendi moja yenye mshahara, ukumbi mmoja wa uhakika kila mwisho wa wiki, na ruhusa ya kupiga nyimbo ambazo hazijakamilika. Hiyo ndiyo gharama ambayo klabu za zamani zilikubali kubeba, na bila mtu wa kuibeba leo, tamasha la siku moja kila kiangazi litaendelea kuonyesha nyimbo zilizotengenezwa kwingine.