Kiganja juu ya Barakoa

Kabla mtoto hajazaliwa, mkunga hodari huichukua ambu mezani, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, akaziba barakoa yake kwa kiganja cha mkono mmoja na kuuminya mfuko kwa mkono wa pili. Hewa ikikosa njia, vali ya usalama hufunguka kwa mlio mdogo. Mkono ukilegea, mfuko hujaa tena wenyewe. Kazi hiyo haizidi sekunde tano. Mama yuko kitandani na uchungu wake, hakuna anayemtazama mkunga, na mara nyingi mtoto atazaliwa akilia, ambu irudi mahali pake bila kutumika. Katika ufundi wote wa leba, hicho ndicho kitendo ninachokienzi kuliko vyote.

Nimekifikiria sana nikiiwaza Yahuma. Teritwari hiyo iko magharibi ya jimbo la Tshopo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo unapoteremka. Ukitoka Kisangani, maji hukupitisha Yangambi, yakakufikisha Isangi ambako Lomami humwaga maji yake, na bado umebaki mwendo wa kuingia msituni. Mwalimu wa ukunga akitoka mjini kwenda kufundisha huko, siku na fedha anazotumia njiani hazimruhusu kurudi mwezi unaofuata. Atafundisha siku mbili, ataaga, na alichokifundisha kitaanza kuyeyuka mikononi mwa watu kabla pikipiki yake haijafika mtoni.

Hakiyeyuki kwa uvivu wa wakunga. Sababu ni hesabu. Katika watoto 100 wanaozaliwa, kama 10 hivi huhitaji msaada wa namna fulani ili wapumue, na wengi wa hao huitikia wakikaushwa na kusuguliwa mgongo. Wanaofikia kuhitaji ambu ni kama watatu hadi sita. Chukua kituo cha afya kinachozalisha akina mama 30 kwa mwezi, chenye wakunga watatu wanaopokezana zamu: kila mkunga atakutana na mtoto wa namna hiyo mara nne hadi saba kwa mwaka, na huenda ikawa usiku, tochi ikishikwa na shangazi wa mzazi. Mvuvi wa Wagenia pale Kisangani hupanda nguzo zake juu ya maporomoko na kuinua madema kila siku. Mikono yake haipati nafasi ya kusahau. Mkunga anadaiwa ustadi kamili katika kazi anayoifanya mara chache kwa mwaka, tena kwa kupewa dakika moja tu.

Dakika hiyo wakunga wanaiita Dakika ya Dhahabu. Mtoto anatoka na kulazwa juu ya tumbo la mama. Anakaushwa mwili mzima, kitambaa kilicholowa kinaondolewa na kikavu kinamfunika. Halii. Kichwa chake kinawekwa sawa, ute unanyonywa kwa kifaa kiitwacho pengwini kama upo wa kuziba njia, mgongo unasuguliwa mara mbili tatu. Bado halii, ni mtoto aliyezaliwa amechoka, kama wasemavyo wakunga. Kitovu kinabanwa na kukatwa, naye anahamishiwa mezani, uso ukielekea juu, shingo isikunjwe wala isipinduliwe nyuma kupita kiasi.

Sasa mkono. Kidole gumba na cha shahada huikandamiza barakoa vikiwa vimejikunja kama herufi C. Vidole vitatu vilivyobaki hukaa chini ya taya, juu ya mfupa, visiingie kwenye nyama laini ya koo, maana hapo vitaiziba njia ileile tunayotaka kuifungua. Barakoa hufunika pua, mdomo na ncha ya kidevu, isiguse macho. Na mkunga hautazami mfuko anaouminya. Macho yake yako kifuani mwa mtoto. Kifua kikiinuka, hewa imefika. Kisipoinuka, anaweka barakoa upya, anarekebisha shingo, anatazama ute, anaufungua mdomo kidogo, anaongeza nguvu ya kuminya. Mwendo ni pumzi 40 kwa dakika: minya, mbili, tatu; minya, mbili, tatu. Mwenye hofu huiharakisha hesabu, na hewa yote huvuja kando ya shavu.

Kifaa chenyewe kina historia ninayoipenda. Mwaka 1952 polio iliishambulia Copenhagen, na wanafunzi wa udaktari wakakaa kando ya vitanda wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono, zamu baada ya zamu. Miaka michache baadaye daktari Henning Ruben na mhandisi Holger Hesse wakatengeneza huko Denmark mfuko unaojijaza wenyewe bila mtungi wa gesi. Ulitoka mwaka 1956, na ndio uliotuachia jina la ambu. Inasimuliwa kwamba mfano wa kwanza ulishikiliwa kwa spoku za baiskeli. Mtu wa Kisangani, mji uliopanda toleka, yaani baiskeli za abiria, kwa miaka mingi, ataielewa fikra hiyo mara moja: chukua kilichopo, kifanye kipumue. Leo mfuko huo hauulizi kama umeme upo.

Mdoli wa kujifunzia naye alizaliwa dukani kwa fundi wa vitu vya watoto. Åsmund Lærdal wa Stavanger, Norway, alikuwa akitengeneza vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1960 plastiki yake laini ikawa Anne, mdoli wa watu wazima kujifunzia kupuliza pumzi. Nusu karne baadaye kampuni iliyobeba jina lake ikaleta NeoNatalie, mdoli mchanga ambaye hujazwa maji ya vuguvugu mpaka alegee mkononi kwa uzito wa mtoto wa kweli. Mwalimu hukaa pembeni akiminya vibofu vidogo: kimoja hufanya kitovu kidunde, kingine humfanya alie. Barakoa ikikaa vibaya, kifua hakipandi. Mdoli haoni haya kukwambia hujaweza.

Mdoli huyo alisafiri pamoja na mpango wa Helping Babies Breathe, uliozinduliwa mwaka 2010 na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na washirika wake. Tanzania iliujaribu katika hospitali nane, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 na Georgina Msemo na wenzake yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Takwimu iliyonishika zaidi ni nyingine: watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, wakiwa wamekufa muda si mrefu kabla ya kuzaliwa, walipungua kwa asilimia 24. Maana yake baadhi ya waliokuwa wakifunikwa kitambaa na kuwekwa kando walikuwa hai. Moyo ulikuwa unapiga, ila hapakuwa na mkono uliojua.

Hata hivyo, somo kubwa nalipata Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyo vijijini huko Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wa hapo walifundishwa kwa siku moja. Miezi baadaye walikuwa bado wanafanya vizuri kwenye mdoli, lakini leba ilikuwa haijabadilika. Hapo ndipo Hege Ersdal, Estomih Mduma na wenzao walipomleta mdoli karibu na kitanda cha kuzalia, watu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, kabla ya zamu au katikati ya kazi. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.  Kilichoongezeka ni marudio.

Kwa hiyo ninapoitazama miwani ya uhalisia pepe, inayojaribiwa sasa kufundishia wakunga, naitazama kwa swali la Haydom: je, itamrudisha mkunga kwenye mazoezi? Timu ya Rachel Umoren wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na wenzao wa Oxford, Nigeria na Kenya, iliutengeneza mfumo wa eHBB, uliojengwa juu ya Helping Babies Breathe, ambamo simu huingizwa ndani ya miwani ya bei nafuu na mkunga akajiona amesimama leba. Waliujaribu kwa wauguzi na wakunga 274 wa vituo 20 vya Lagos na vya Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Ukivaa, chumba chako kinatoweka. Mbele yako kuna meza, vifaa na mtoto, na saa inakwenda. Unaulizwa kwa matendo: utaanza na nini? Ukikosea mpangilio, unaonyeshwa, kisha unaanza upya, hata mara kumi, na hakuna mkubwa wa kazi anayekutazama kwa jicho la lawama. Nalithamini sana jambo hilo la mwisho. Wakunga wengi hawafanyi mazoezi kwa kuogopa kuonekana hawajui.

Ila miwani haina taya. Haiwezi kukufundisha mahali mfupa unapoishia na nyama laini inapoanza, wala jinsi barakoa inavyoteleza juu ya ngozi iliyolowa. Inafundisha macho na mpangilio: nini kwanza, nini baadaye, sekunde ngapi zimekwenda. Mkono utafundishwa na mdoli. Anayeileta miwani mahali pa mdoli anampa mkunga nusu ya ufundi, na nusu hiyo haitamwinua mtoto kifua.

Kongo haijakaa kando katika kutafuta njia. Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa na Chuo Kikuu cha North Carolina wamekijaribu nchini NeoBeat, kipande cha plastiki kilichopinda ambacho hushika kifua cha mtoto na kuonyesha mapigo ya moyo ndani ya sekunde chache, ili mtoto aliye hai asiandikwe mfu. Natamani mambo hayo yote yateremke mtoni hadi Yahuma: simu inayochajiwa kwa sola, miwani, mdoli, na sauti ndani ya miwani inayozungumza Kilingala na Kiswahili cha Kisangani, maana mtu akishikwa na hofu hukumbuka upesi zaidi kwa lugha anayoitumia kutwa nzima.

Na mtoto akishalia, akishawekwa kifuani mwa mama yake, kazi ya ambu haijaisha. Mkunga huifungua vipande vipande, huiosha kwa maji na sabuni, huitakasa kwa kuichemsha, huianika. Halafu huiunga tena. Kuna kijipande chembamba cha vali ambacho kikikaa upande, mfuko utaminywa na hewa haitafika kwa mtoto, na kwa macho huwezi kugundua. Basi anaziba barakoa kwa kiganja, anaminya, anasikiliza.