Chuma Kilichozikwa Majivuni

Pale Isebania, malori yanaposubiri kuvuka kwenda Sirari, yuko mzee mmoja mhunzi asiyejua haraka. Akishafua kipande cha springi kuukuu ya gari mpaka kikaanza kuikataa nyundo, hakilazimishi. Hukirudisha motoni kikawa chekundu, kisha hukizika katika majivu na kukiacha huko kipoe chenyewe. Mteja atasimama, atakohoa, atatazama saa. Mzee humwambia aende kwanza akanywe chai.

Nimemtazama mara nyingi, na naamini subira ile ndiyo kazi yenyewe. Nyundo ni sehemu ndogo tu.

Ndani ya metali atomu zimejipanga safu juu ya safu, na mpangilio huo ndio fuwele. Lakini si kila safu hutimia. Mahali fulani safu moja hukatika njiani, na mstari inapokatikia ndio mtenguko. Mwaka 1934 wanasayansi watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba metali hukunjika kwa sababu ya mitenguko hiyo. Safu nzima haitelezi kwa mkupuo. Mtenguko ndio unaosafiri, kama mkunjo unaosukumwa kutoka ncha moja ya mkeka mpana hadi nyingine, mkeka wote ukawa umesogea bila kuburutwa. Kwa hiyo kasoro ndiyo inayompa mhunzi njia ya kupitia.

Wapo waliotafuta metali iliyo fuwele moja tupu. Inasimuliwa kwamba mtaalamu wa metali Jan Czochralski, mjini Berlin mwaka 1916, alichovya kalamu yake katika bati lililoyeyuka akidhani ni wino. Alipoivuta, ukafuata uzi mwembamba wa bati, na uzi ule ukaja kuonekana kuwa fuwele moja. Lakini kinachonigusa mimi ni shaba. Fimbo ya shaba yenye unene wa penseli, ikikuzwa taratibu kutoka kwenye shaba iliyoyeyuka hadi iwe fuwele moja, mtoto huikunja kwa mikono yake. Ikishakunjika, mtu mzima mwenye nguvu hawezi kuinyoosha. Kule kukunja kumezalisha mitenguko mingi mno, ikasongamana, kila mmoja ukaziba njia ya mwenzake. Katika sentimita moja ya ujazo ya metali iliyotulizwa vizuri kwa moto, mitenguko ikiungwa ncha kwa ncha hufika kama kilomita 10. Ifue sana metali hiyo, nayo itapita kilomita milioni 1, zaidi ya kwenda mwezini na kurudi. Msongamano huo ndio mzee anaousikia mkononi chuma kinapoanza kuikataa nyundo, na ndio unaopunguzwa na moto na majivu.

Wala mitenguko haingoji nyundo. Huzaliwa metali inapoganda. Mbegu ya fuwele ikiwa na kasoro, huirithisha. Nje ikipoa kabla ya ndani, ngozi husinyaa huku moyo ungali na moto, vikavutana mpaka safu zikateguka. Mtafiti William Dash, huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, alipata silikoni isiyo na mtenguko hata mmoja: alivuta kwanza shingo nyembamba kutoka kwenye mbegu, mitenguko ikaishia ubavuni, ndipo akaiacha fuwele inenepe. Metali ni ngumu zaidi kuikuza hivyo, maana mitenguko yake huanza mwendo kwa msukumo mdogo sana.

Mzee wetu hajawahi kuyasikia majina hayo. Lakini anaposubu miiko ya alumini, hupasha kalibu moto kwanza, na akishamimina haifungui mapema. Vijana wa jirani humimina, wakamwagia maji, wakauza. Siwalaumu sana, mnunuzi hataki kungoja, na anayetaka kungojewa huonekana mvivu. Lakini mwiko uliovunjika shingoni jikoni kwangu ulitoka katika haraka ile.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya, chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita katika matanuri yaliyopulizwa hewa kwa ustadi mkubwa. Katika miaka ya 1970 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliwakuta wazee waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa, wakawaomba wajenge tanuri tena. Mikono yao ilikuwa bado inakumbuka, na yaliyoonekana yakachapishwa mwaka 1978.

Lakini mzee wa Isebania hana mwanagenzi. Wanawe wawili wanaendesha bodaboda, na hakuna aliyekuja kumwuliza ni majivu ya mti gani anayoyachagua, wala anajuaje bila kugusa kwamba chuma kimeshapoa. Wakulima wa kule Kehancha bado humletea majembe ya dukani yaliyopinda kabla msimu wa kwanza haujaisha, na sasa hata wao wameanza kuona ni nafuu kununua jingine.