Tomcat inasema kwaheri, lakini haitoke

Wandugu wa promotion, leo ninakosoa programu, si kitabu: Apache Tomcat, hasa namna yake ya kuzimika. Na mimi sitajiacha nyuma.

Ukiendesha shutdown.sh, script inatuma neno SHUTDOWN kwenye porti 8005, basi. Kama haukuweka CATALINA_PID, haingoje kuona kama Java imekufa kweli. Hakuna kosa kwenye ekra, unasema njo imeisha. Unawasha tena, porti 8080 inajibu, kila mtu anafurahi. Kumbe ya zamani ingali hai.

Ilinipata kwenye shule moja ninayoitunzia programu ya minervali. Nilikuwa nimeandika kazi ya kutuma SMS kila asubuhi kwa wazazi wenye deni. Magaribi moja niliwasha seva upya. Kesho yake mama mmoja alipata ujumbe wa deni, na kesho kutwa tena, na alishalipa. Alifika na bordero ya banki mkononi, akaisomesha mbele ya wazazi wengine. Mi nilikuwa nimesimama pale, nikijibu kwamba liste yangu iko sawa. Liste mpya, ndiyo. Lakini ps ilionyesha Java mbili, na ya zamani ilikuwa bado na majina ya wiki iliyopita kichwani.

jstack ilinipa jina la mkosaji: Timer-0. Ni uzi wangu mwenyewe. Java haifunge kama kuko uzi wa kawaida unaotembea bado, na new Timer() inaanzisha uzi wa namna hiyo. Kwa hapo siilaumu Java, inangoja kazi iishe. Tena Tomcat iliandika onyo ndani ya catalina.out, na jina la uzi kabisa. Nani alisoma? (Tunafunguaka ile fishie tu siku moto umeshawaka.)

Wengi wetu tunakimbilia kill -9. Inaua, kweli, lakini inakata hata kazi iliyokuwa inaandika, na ule uzi utarudi pale pale ukiwasha tena. Mi nimeweka timer.cancel() ndani ya contextDestroyed, na CATALINA_PID ndani ya setenv.sh. Sasa script inangoja sekunde 5, na kama imeshindwa, inasema.

Lawama yangu kwa Tomcat njo hii: kwa nini ile ya kungoja haiko ya kawaida, mpaka mtu aiombe? Yule mama hakuijua CATALINA_PID. Hata mimi, siku ile, sikuijua.